Ulimbo wa msprusi: shajara ya mtumbwi wa magome, Mei hadi Agosti 1793

Mtumbwi ulioondoka Fort Fork, kwenye mto Peace, magharibi ya Kanada, haukuwa na msumari hata mmoja wala tone la lami. Ganda lake lilikuwa magome ya mbetula (Betula papyrifera), yakashonwa kwa mizizi ya msprusi (mti wa kaskazini wa jamii ya msonobari), na kila mshono ukazibwa kwa utomvu wa msprusi uliopikwa pamoja na shahamu. Ndani yake walikuwamo watu kumi, akiwemo Alexander Mackenzie wa Kampuni ya North West, iliyofanya biashara ya manyoya, wakitafuta njia ya kufika bahari ya Pasifiki. Mengi yameandikwa kuhusu njia yenyewe. Hapa tunaufuata ulimbo, yaani mchanganyiko huo wa utomvu na shahamu, maana kila ulipokwisha, ulipopasuka au ulipokosekana, safari ilisimama. Tarehe na matukio ni ya shajara ya Mackenzie. Namna ya kupika na kupaka ni ya mafundi wa mataifa ya asili ya misitu ile, ambao ndio wenye elimu hii. Katika mataifa mengi, kushona magome na kuziba mishono ilikuwa kazi ya wanawake.

Alhamisi, Mei 9

Wameondoka jioni. Mtumbwi una urefu wa futi 25 kwa ndani (mita 7.6 hivi), upana futi 4 na inchi 9, kina inchi 26. Ni mwepesi kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuubeba maili tatu au nne kwenye njia nzuri bila kupumzika. Mzigo uliopakiwa ni ratili 3,000, karibu kilo 1,360, chakula, zawadi, bunduki na baruti.

Wepesi huo una gharama. Gome la mti mmoja halitoshi kufunika chombo cha mita saba na zaidi, hivyo vipande huunganishwa, na kila kiungo hutobolewa kwa msharasi ili mzizi upite. Mzizi hushika, hauzibi. Kinachozuia maji ni ulimbo peke yake, nao hukaa juu ya mshono kwa nje. Hapa ndipo kazi hii inapoachana na ile ya mkalafati wa Pwani: yeye hupigilia pamba yenye mafuta ndani ya ufa baina ya mbao mbili nene, na mbao zikivimba zinaibana. Gome la unene wa milimita chache haliwezi kubana kitu.

Jambo jingine la kujua mapema: gome huwekwa kinyume na linavyokaa mtini. Upande mweupe huingia ndani ya mtumbwi, upande wa kahawia uliokuwa umegusana na shina ndio unaotazama maji. Ulimbo hupakwa juu ya huo wa kahawia, ambao hauchambuki tabaka kwa tabaka kama ule mweupe.

Ijumaa, Mei 10

Wameanza saa tisa na robo alfajiri. Kufikia adhuhuri mtumbwi unavuja hadi hapana budi kushuka, kupakua kila kitu na kupaka ulimbo upya. Mackenzie anaitumia nafasi hiyo kupima jua: latitudo 56° 11′ 19″.

Sababu anaitaja mwenyewe, nayo ni uzito wa mzigo. Mtumbwi uliopakiwa sana hujipinda kila unapopanda na kushuka wimbi, vipande viwili vya gome husogeana kidogo, na ulimbo uliogandamana navyo hupasuka kwa urefu wa mshono. Baridi huzidisha shida. Mito ya kaskazini mwezi Mei ni maji ya theluji, na ulimbo uliopikwa kwa hali ya joto la jua hugeuka mkavu kama kioo ukikaa kwenye maji hayo. Ndiyo maana ulimbo wa majira ya kuchipua hupikwa kwa shahamu zaidi kuliko wa kiangazi.

Matengenezo ya kando ya mto hufuata mpangilio huu, na atakayeruka hatua moja atarudi ufukweni kabla ya jua kutua.

Kwanza, pakua vyote na upindue mtumbwi juu ya magogo mawili, usiguse mawe. Uache ujichuje. Kisha tafuta tundu. Ufa mkubwa unaonekana kwa macho, lakini ufa mwembamba kama unywele hauonekani. Weka mdomo juu ya mshono unaoushuku, uubane kwa midomo, uvute pumzi: hewa ikipita, hapo ndipo. Tia alama kwa mkaa, sogea upana wa mdomo mmoja, vuta tena. Njia nyingine ni kumimina maji ndani ya mtumbwi ukiwa nchi kavu na kutazama yanapotokea, ila hiyo hulowesha gome, na gome likilowa utasubiri likauke.

Pili, kausha. Chukua kijinga chenye kaa jekundu, usogeze karibu na mshono na upulize taratibu. Kaa lile hufanya kazi mbili kwa pamoja: linafukuza unyevu na linalainisha ulimbo wa zamani. Ufa mdogo huzibwa hapo hapo kwa kuukanda ulimbo uliolainika kwa dole gumba lililoloweshwa. Bila maji, ulimbo utashika kidole na kubanduka wote.

Tatu, pale penye upungufu, ongeza ulimbo wa moto kwa kijiti bapa. Upana utoshe vidole viwili kila upande wa mshono, katikati uwe mnene kama milimita tatu, pembeni uishie kwa kutelemka hadi kuwa sawa na gome. Ukingo ulioachwa wima hukamatwa na jiwe au mchanga na kung'olewa kipande kizima.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kupaka juu ya gome lenye unyevu. Ulimbo utaonekana umeshika, utang'aa vizuri, na baada ya saa moja mtoni utabanduka kama ganda la kidonda.

Mei 19 hadi 24

Korongo la mto Peace. Maji yamebanwa kati ya kuta za mawe, mtumbwi unavutwa kwa kamba, unagonga, unatengenezwa, unagonga tena. Mwishowe wanaamua kuacha mto kabisa. Wanakata miti kufungua njia juu ya mlima na kuupandisha mtumbwi kwa kuuzungushia kamba kwenye visiki.

Kwa ulimbo, nchi kavu si salama kuliko maji. Tumbo la mtumbwi likikwaruza mwamba, ulimbo ndio unaotangulia kung'oka kwa sababu ndio uliotokeza. Lakini hiyo ni heri. Ulimbo hurudishwa kwa dakika chache, gome lililochanika linahitaji kiraka.

Ijumaa, Mei 31

Mto unagawanyika mara mbili, Finlay na Parsnip. Wanashika Parsnip, wa kushoto. Ulimbo hautajwi.

Jumatano, Juni 12

Wamefika mgongo wa bara. Kutoka ziwa dogo la upande huu hadi ziwa dogo la upande wa pili ni hatua 817 za njia iliyokwisha kukanyagwa na wenyeji. Toka hapa maji yanaelekea Pasifiki.

Alhamisi, Juni 13

Siku mbaya kuliko zote. Kijito wanachoteremka kina kasi, mawe na magogo. Mtumbwi unapinduka ubavu, tezi (sehemu ya nyuma) inavunjika kwenye mwamba. Mkondo unautupa upande wa pili, omo (sehemu ya mbele) nayo inavunjika. Kisha unaangukia maporomoko madogo: matundu makubwa kadhaa kwenye tumbo, na miti ya kukatiza inayoshikilia pande mbili za chombo inang'oka yote isipokuwa mmoja. Ganda linalala bapa juu ya maji. Watu wanalishikilia ndani ya maji ya baridi hadi wanapata kina kifupi. Hakuna aliyekufa. Risasi zao zimezama.

Juni 14 na 15

Watu wanatumwa kutafuta magome na wanarudi na furushi dogo la gome hafifu. Kwa gome hilo, vipande vya kitambaa cha mafuta na ulimbo mwingi, mtumbwi unafanywa uweze kuelea tena.

Kiraka cha tundu kubwa hakishikwi na ulimbo peke yake. Ulimbo unaziba maji, hauna nguvu ya kuvuta. Kwa hiyo kata gome la kiraka lipite ukingo wa tundu kwa upana wa kiganja kila upande, nyoa kingo zake ziwe nyembamba, na liweke nyuzi zake zielekee sawa na za gome la mtumbwi. Likiwa nje, lishonwe kwa mzizi, na ukingo wa mbele ndio unyolewe zaidi ili maji yateleze juu yake badala ya kuuchimba. Likiwezekana kusukumwa ndani, kati ya ganda na mbao nyembamba za sakafu, ni bora zaidi, kwa kuwa maji yenyewe yanalisukuma mahali pake.

Kitambaa kina kazi yake ya pekee. Ulimbo mtupu ukipasuka, ufa hukimbia hadi mwisho. Ukiwa na nyuzi za kitambaa ndani yake, ufa hukoma kwenye uzi. Lowesha kitambaa ndani ya ulimbo wa moto mpaka mapovu yaishe, kitandaze juu ya mshono uliokwisha pakwa, kanda, kisha paka tabaka jembamba juu. Mafundi hufanya hivyo tangu mwanzo kwenye mishono ya omo na tezi, kwa sababu hizo ndizo zinazogonga kwanza.

Juni 16 na 17

Sasa gharama ya viraka inaonekana. Mtumbwi uliobebwa na watu wawili maili tatu, kwa matengenezo mengi umekuwa mzito hata wawili hao hawafiki yadi mia moja bila kupokewa, tena ndani ya matope na mizizi. Gome juu ya gome, ulimbo juu ya ulimbo, na chini ya yote gome lililokunywa maji.

Hapa tuna neno kwa kila anayeziba chochote kwa utomvu: usipake juu ya ulimbo wa zamani uliopasuka ukidhani unaongeza ulinzi. Ufa wa chini utapanda hadi juu. Bandua, kisha paka. Watu wa Mackenzie hawakuwa na muda huo, wala akiba.

Jioni ya Juni 17 wanafika ukingo wa mto mkubwa unaopitika.

Juni 18 hadi 27

Wanateremka mto ambao leo unaitwa Fraser. Wadakelh wanaoishi kando yake wanamweleza Mackenzie kuwa njia ya bahari iliyo fupi ni ya nchi kavu, kuelekea magharibi. Juni 23 anageuza kurudi juu ya mto ili aishike njia hiyo. Mtumbwi hauko tena katika hali ya kusafiri, na mtu mmoja hana kazi nyingine ila kufua maji, yaani kuyatoa mtumbwini. Uamuzi unakuja wenyewe: utengenezwe mwingine.

Juni 28 hadi Julai 1

Kisiwani, kwenye joto na visubi wanaouma. Watu wanagawanywa makundi manne: mbao, mizizi, magome, utomvu. Makundi matatu yanarudi na vitu vyao. La utomvu halina cha maana, kwa kuwa eneo lile utomvu ni adimu.

Jambo hili linashangaza asiyejua, maana msprusi umejaa huko. Lakini mti mzima hautoi utomvu wa kuchukua. Unatoa ule uliojeruhiwa: uliovunjwa tawi na theluji, uliokwaruzwa na dubu, uliochomwa moto upande mmoja. Jeraha la mwaka mmoja au zaidi huwa na madonge yaliyokwisha kuganda nje, ya rangi ya kaharabu au ya kijivu. Fundi mwenye kupanga mambo hujeruhi miti yake mapema, kwa kubandua ukanda mwembamba wa gome upande mmoja tu wa shina, ili akirudi msimu unaofuata akute mavuno. Msafiri hana msimu unaofuata.

Na maji ya mti, yale yanayopanda kutoka mizizini, hayafai kitu hapa. Kinachotakiwa ni utomvu mzito wenye harufu kali ya tapentaini, ambao mti hutoa kujifunga kidonda.

Kupika ni hivi. Tia madonge yote, pamoja na magamba na sindano za majani, katika mfuko wa kitambaa cha nyuzi pana. Weka jiwe ndani, funga, uzamishe kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Utomvu huyeyuka, hupenya kitambaa na kuelea, uchafu hubaki mfukoni. Engua kwa kijiko cha mti na utie kwenye maji baridi, utakusanyika kama kitonge kinachovutika. Njia hii ina usalama mkubwa, kwani maji hayapiti nyuzi joto 100 na utomvu haupati nafasi ya kushika moto.

Hatua ya pili ndiyo ya hatari. Kitonge kile kina maji ndani yake, lazima yatolewe. Yeyusha upya kwenye chombo kikavu, kisichozidi theluthi moja kujaa, juu ya makaa na si ndimi za moto. Utaumuka na kutoa povu. Subiri povu lipungue hadi vipovu vichache vinavyopanda polepole. Ukiuondoa mapema, maji yaliyobaki yatatengeneza vitundu ndani ya mshono. Ukiuacha mno, tapentaini yote huruka na ulimbo hukatika kama biskuti. Mvuke wake unawaka, kwa hiyo mfuniko wa kuzimia uwe karibu, na usitumie maji.

Sasa shahamu. Walitumia ya dubu, ya biva (mnyama mgugunaji wa mitoni) au ya musi (mnyama mkubwa wa kaskazini wa jamii ya kulungu), iliyoyeyushwa na kuchujwa. Isiwe na chumvi. Anzia sehemu moja ya shahamu kwa kumi za utomvu safi. Kisha unga wa mkaa uliosagwa laini na kupepetwa, vijiko vinne hivi kwa kilo: unaupa ulimbo mwili usichuruzike na unauzuia usiharibiwe haraka na jua. Mkaa wenye chenga huacha njia ndogo za maji.

Kipimo cha mwisho si mizani. Chukua ukanda wa gome wa vidole viwili, uchovye kwenye ulimbo, uzamishe kwenye maji ya mto uleule utakaosafiria, uhesabu hadi mia moja. Toa, ukunje taratibu kwenye dole gumba. Ukipasuka, ongeza shahamu kidogo, koroga, jaribu tena. Ukikunjika bila ufa, ukandamize kwa kucha: alama ikibaki kidogo, sawa. Ukinata kwenye kidole, shahamu imezidi, ongeza utomvu. Halafu simamisha ukanda mwingine juu ya jiwe lililo juani. Ulimbo ukianza kutambaa kushuka, utafanya hivyohivyo kwenye mtumbwi.

Kwa aliye Mufindi au Njombe na angependa kujaribu, utomvu wa msonobari ni ndugu wa karibu wa huu. Una tapentaini nyingi zaidi ukiwa mbichi, hivyo unakaa motoni muda mrefu. Shahamu ya ng'ombe inafaa. Mafuta ya nazi hayafai, yanayeyuka kwenye nyuzi 24 na mshono hubaki teketeke mchana kutwa. Sandarusi msiijaribu kwa njia ya mfuko na maji, maana haiyeyuki kwa joto hilo.

Turudi kisiwani. Mtumbwi mpya ulikamilika, imara na bora kuliko wa kwanza. Na Mackenzie anakiri kwamba kama si ulimbo uliobanduliwa kwenye mtumbwi wa zamani, ingekuwa vigumu mno kupata wa kutosha kuuzuia mpya usivuje. Ulimbo uleule uliowalemea begani wiki mbili nyuma ndio uliowatoa kisiwani.

Ulimbo wa zamani hubanduliwa alfajiri, ungali mgumu kwa baridi. Hapo unaruka kwa vipande ukiugonga kwa mpini wa kisu, ilhali adhuhuri ungevutika na kung'oa nyuzi za gome. Hupitishwa tena kwenye mfuko na maji, kwa sababu umeshika mchanga. Umekwisha poteza tapentaini, hivyo unadai shahamu zaidi ya ule mpya, na ukichanganywa na utomvu mbichi hata kwa robo yake unarudi karibu na hali yake ya kwanza.

Alhamisi, Julai 4

Wanauacha mtumbwi na kuanza kutembea. Wameuweka juu ya jukwaa la miti, umepinduliwa, na kufunikwa matawi ili usipigwe na jua.

Kila sehemu ya utunzaji huu ina maana. Jukwaa linaukinga na unyevu wa ardhi na meno ya panya, wanaopenda shahamu iliyo kwenye mishono. Kupinduliwa kunazuia mvua isikae ndani. Kivuli ndicho kikubwa: jua hukausha gome hadi likajikunja, na hulainisha ulimbo mweusi hadi ukatiririka kuelekea kingo na kuacha mshono mtupu.

Julai 17 hadi 22

Kwa Wanuxalk, wenyeji wanaoishi karibu na bahari, wanapewa mitumbwi ya kuchonga kwenye gogo zima la mwerezi. Haina mishono, haina ulimbo. Msitu wenye miti minene namna ile hauna haja ya kushona magome. Julai 22 Mackenzie anaandika jina lake na tarehe kwenye mwamba kwa rangi nyekundu iliyochanganywa na shahamu iliyoyeyushwa.

Agosti 4 hadi 6

Wamerudi walikouacha mtumbwi na kuukuta salama, baada ya mwezi mzima juu ya jukwaa. Agosti 6 wako majini tena.

Mtumbwi uliokaa hivyo usiingizwe majini kwa haraka hata kama unaonekana mzima. Gome limenywea, mishono imelegea, na ulimbo uliozoea kukaa kimya utapasuka kwa mzigo wa kwanza. Umwagie maji kidogo kidogo kwa ndani, uuache usiku kucha ili gome lilegee, ukaushe nje, ndipo upitishe kaa la moto kwenye kila mshono toka omo hadi tezi ukikanda kwa dole lililolowa. Uelee mtupu kwanza, ufukweni, kwa muda wa kuchemsha chai. Pakia nusu, tazama tena. Kisha ujaze. Chombo cha ulimbo na kijiti chake vipakiwe mwisho kabisa, juu ya mizigo yote, pale mkono unapofika bila kupakua kitu.